Treni isiyofika Sakania: toleo la 5 la sheria

Jana usiku nimemaliza toleo la 5 la sheria za mchezo wetu. Kurasa 9 za daftari. Toleo la 1 lilikuwa na kurasa 24, na haikupita jioni moja bila mtu kuuliza, "Yaya, sasa miye nafanya nini?" (Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.)

Kwa asiyekuwa nasi tangu mwanzo: huu ni mchezo wa kuigiza kwa maandishi, tunaucheza kwenye simu. Tulianza watu 8, sasa wako wachezaji 6, na mimi shefu wa treni, yaani ninayeuendesha mchezo. Treni inaondoka stesheni ya Lubumbashi jioni kuelekea Sakania, kule mpakani na Zambia, na haifiki. Kila ikivuka daraja taa za behewa zinazimika. Zikiwaka, mabenchi ni yaleyale, jirani yako bado anamenya karanga, ila nje ya dirisha ni dunia nyingine. Kila mchezaji ana abiria wake, na kila abiria ana mtu anayemngoja Sakania. Hilo la kungojana limenitoa jasho kuliko madaraja yote, nitalifikia.

Kwanza nilikwama hapa: treni inaweza kwenda dunia zipi? Ukisema zote, huna mchezo. Tulijaribu. Jioni ya kwanza mmoja akaomba dunia ya majoka, mwingine akataka watu wote wawe samaki, nusu saa haijaisha kila mtu anaandika lake na hakuna anayemsoma mwenzake. Jibu nilipewa na mzee jirani yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Nilimuuliza ni kitu gani kinaizuia treni kwenda mahali. Hakufikiri hata kidogo: "Kama njia haiko ya kipimo kimoja, treni haiende."

Reli yetu ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Zambia na ya kusini kote hadi Cape Town, maana ilitokea huko. Ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukazaliwa nayo. Basi sheria namba 1 inasema: treni inaingia tu dunia ambamo kuna mtu aliyelaza reli ya milimita 1,067. Mstari mmoja, na majoka yote yameondoka bila mimi kugombana na mtu.

Sijutii hata siku moja kuiandika, kwa sababu inazaa mambo yenyewe. Reli ya kati ya Tanzania, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni ya mita 1. Kwa hiyo dunia ambamo reli ya Katanga ilitokea upande wa ziwa Tanganyika badala ya kusini, na ikaja na kipimo chake, imefungwa kwetu kabisa. Lakini mchezaji wetu mmoja anasoma Dar es Salaam, naye akataka kujua apandie wapi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ni milimita 1,067. Akapandia huko, akaja kwa Kapiri Mposhi na Ndola, jioni nzima anaandika safari isiyo na dadu hata moja. Sikumkatiza. Alipofika Lubumbashi wote wakashtuka kwamba huyu lazima alipita Sakania, wakamzonga: ikoje? Akajibu alipita usiku, amelala.

Katika dunia tulizoingia mpaka sasa, ninayoipenda ni ile ambamo treni ya mwaka 1910 haikusimama hapa. Hakuna mji. Kuna msitu wa miombo, vichuguu virefu kuliko nyumba, na kijukwaa cha mbao chenye taa inayowaka, na hatujamwona anayeiwasha. Katika nyingine mji bado unaitwa Élisabethville, jina letu la kabla ya 1966, na bomba la kiwanda linatoa moshi usiku na mchana. Abiria waliposhuka nguo zilizoanikwa zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

Dadu nitazipita haraka. Toleo la 1 nilitumia dakika ya ujumbe: tarakimu ya mwisho ikiwa 5 au zaidi, umefaulu. Ndugu yangu wa Katuba akawa anaandaa ujumbe, anaweka kidole tayari, anangoja dakika ya 9. Sasa natupa dadu 2 mimi mwenyewe kwenye sahani ya bati na kurekodi sauti. Kwa sauti huwezi kuthibitisha kitu, lakini tangu siku hiyo malalamiko yamekwisha. Wanaupenda ule mlio. Jumla ya 10 na zaidi, umefaulu. Kuanzia 7 hadi 9 umefaulu lakini kuna kitu kitalipwa. Sita kushuka chini, anasema shefu. Dadu 2 zinaanguka kwa namna 36: namna 6 tu zinatoa 10 na zaidi, 15 zinatoa 7 hadi 9, na 15 zilizobaki ni taabu. Ukipewa nyongeza ya 1 hesabu inakuwa 10, 16 na 10. Ndiyo maana nyongeza naitoa kwa ubahili, hata mkininunia.

Sasa wasiokuwepo. Mchezo wa mezani watu wanakaa wanaonana. Wa simu, mtu anapotea tu: umeme umekatika, mega zimeisha, amepata kibarua cha siku tatu Kolwezi. Toleo la 1 lilisema: asiyejibu kwa saa 48 anaachwa stesheni inayofuata. Nilijiona mkali, mwenye mchezo wa watu makini. Katika majuma matatu nikawa nimeacha watu wawili kwenye majukwaa, na umeme uliporudi wao hawakurudi. Mmoja nilimwomba kabisa. Akanijibu, "Narudia wapi? Mulishaniacha." Ndio wale 2 waliopungua.

Toleo la 2 likasema asiyejibu amelala. Aliyewahi kupanda treni ya siku mbili tatu anajua hakuna la ajabu hapo, nusu ya behewa huwa imelala, midomo wazi, miguu juu ya magunia ya wengine. Nikaongeza faida: ukivushwa daraja ukiwa umelala, unaikumbuka dunia iliyopita sawasawa, kwa hiyo ukiamka unaniuliza swali 1 nami nalijibu kweli tupu. Kosa. Juma lililofuata watu 4 kati ya 6 "walilala" pamoja, na simu zao zinaonyesha wapo hewani. Abiria wawili, Fundi na Mama Vitoyo, wakabaki wanahangaika na moto kwenye behewa la nyuma, wenzao wanakoroma.

Dawa yake ndiyo sheria ninayojivunia. Ukiamka, jirani yako wa benchi ndiye anayesema uliota nini, na hiyo ndoto ni kweli katika dunia hii. Ndugu yangu wa Katuba anakaa katikati ya benchi. Hakuna anayemwamini na ndoto yake. Usingizi wa uongo ulikufa siku ileile.

Jambo dogo kabla sijasahau: kila dunia mpya naificha alama yake katika neno moja la mwuza chakula dirishani. Dunia ya tatu wauzaji walianza kusema "ugali" mahali pa "bukari". Wa Lubumbashi wakanusa mara moja kwamba hapa si kwetu. Wa Dar aliona kila kitu sawa, akashuka kununua. Tukamwacha acheze hivyo hivyo, maana katika dunia zote yeye ndiye anayeona bukari ni neno la ajabu.

Toleo la 3 lilitoka kwa njia ambayo sikuipanga.

Niliandika daraja la tano. Taa zinawaka, treni inapunguza mwendo, stesheni imejaa. Watu wameketi juu ya magodoro, masufuria yamefungwa kwa kitenge, cherehani imefungwa kamba, watoto wamelala juu ya magunia. Wanangoja treni siku nyingi. Kwangu ilikuwa picha nzuri ya kuingilia dunia mpya, basi. Nikatupa dadu kuona kama treni itasimama. Nne. Treni ikapita.

Anayecheza Mama Vitoyo anaishi Likasi. Hakuandika tena jioni ile, wala kesho yake. Siku ya tatu akanipigia.

"Yaya, ile gare yako. Mama yangu alilalaka pale."

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Stesheni za Likasi na Kolwezi zilijaa familia zikingoja treni kwa majuma, na kuna waliofia palepale. Nilikuwa nalijua hilo, lakini kama mtoto anavyojua jambo la wakubwa, linalosemwa mlango umefungwa. Akaniuliza nilijuaje habari ya cherehani. Sikuwa na jibu. Nilidhani nimeitunga.

Nikamwambia nitaufuta ukurasa ule, tuseme daraja la tano halikuwepo. Akakataa. Alichotaka ni kwamba treni isimame.

Kwa hiyo zimeingia sheria 2. Ya kwanza: mchezaji yeyote akiandika BREKI, treni inasimama papo hapo, tunatoka katika hadithi, na hakuna anayeuliza sababu, shefu akiwa wa kwanza kutouliza. Imetumika mara 2 tangu hapo, moja kwa jambo ambalo mpaka leo silijui, na ni sawa. Ya pili: treni haimwachi mtu jukwaani. Hii haipigiwi dadu. Wakiwepo watu, treni inasimama na wanapanda. Maji yatatosha? Watakaa wapi? Nani atamkanyaga nani? Huko ndiko dadu zinakoanzia.

Nilihofia itaua mchezo, treni ya wema mtupu. Kumbe imeleta ugomvi ambao sijawahi kuuona, kwa sababu imegongana na sheria ya mizigo.

Mizigo iko hivi. Kila abiria ana vitu 3: cha mkononi, cha juu kwenye raka, na cha chini ya benchi. Daraja likivukwa, cha mkononi hakibadiliki, cha juu kinabadilika sura, cha chini kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Zamani niliishia hapo. Ndugu yangu, unamjua sasa, aliweka gunia la makala, yaani mkaa, chini ya benchi, tukaingia dunia ambamo misalaba ya shaba bado ni pesa kama enzi za wazee. Dadu zikatoa 11. Akadai gunia la misalaba, na kwa sheria yangu mwenyewe alikuwa na haki. Dakika kumi baadaye alikuwa ameajiri dereva wa treni. Toleo la 4 likafunga mlango: kitu kinaweza kubadilika sura lakini kinabaki na uzito wake na kazi yake. Kilichopikia kitapikia, kilichobeba kitabeba. Makala yatakuwa kuni, yatakuwa jiko. Pesa, hapana. Tangu hapo ananiita mtu wa forodha.

Jumamosi iliyopita tulirudi stesheni ile, na treni ikasimama. Watu 30 kwa behewa ambalo lilikuwa limejaa tayari. Ili mtu mmoja akae, mzigo mmoja utoke. Fundi alitoa sanduku la spana, akabaki na ile ya mkononi. Mwanafunzi wa Dar alibishana ujumbe 14 kuhusu godoro lake. Mama Vitoyo hakutupa furushi lake la samaki. Alilifungua akaligawa lote, mkononi hadi mkononi, na akaandika harufu yake vizuri hivi kwamba nilikwenda kuangalia chungu jikoni. Kisha akaja yule mwenye cherehani. Mlangoni haipiti. Wakaamua dirishani.

Nikatupa dadu, sahani ikalia. Nane: imeingia, lakini kuna kitu kinalipwa. Nikauliza nani analipa.

Fundi akaandika: "Kidole changu."

Toleo la 5 halina jipya kubwa, ni kusafisha. Nimeondoa nauli, ambayo hakuna aliyewahi kuikumbuka kulipa. Nimeondoa jedwali la hali ya hewa. Watu waliopanda jukwaani wanaandikwa majina na mchezaji aliyewapa nafasi, si na mimi. Nimechoka kubuni majina 30.

Limebaki swali moja ambalo nimeliandika kwa penseli. Padri wa uongo, abiria wetu mwingine, amelala juma la tatu sasa. Tunajua mchezaji wake yuko kwenye migodi upande wa Kolwezi na mtandao huko ni wa kubahatisha. Benchi lake linatamaniwa na watu 5, lakini aliyelala hashushwi, na sheria haisemi kama anaweza kuegemezwa ukutani. Sanduku lake liko juu kwenye raka na limevuka madaraja 5 bila yeye. Nimelitupia dadu kila mara kwa uaminifu: limekuwa kikapu, beseni, gunia, kapu tena, na tangu Jumamosi ni kibuyu, kizito kama sanduku lenyewe, na kikitikiswa kuna kitu ndani. Mama Vitoyo anasema kwa harufu ni munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ameomba kuonja. Nimemwandikia angoje mwenye mzigo aamke.