Krismasi nilipewa randa yenye kutu, hivi ndivyo nilivyoirudisha kazini

Mi kazi yangu ya kula ni ofisini, mahesabu wiki nzima, ila jumamosi na jumapili nikitoka kanisani utanikuta nyuma ya nyumba hapa Tabata na mbao zangu. Sijasomea useremala. Nilianza 2019 nikitengeneza rafu ya viatu kwa mbao za paini za Mafinga, ikakaa, nikaipenda kazi yenyewe na tangu hapo sijaacha. Kwa hiyo kila ikifika Desemba ndugu hawahangaiki tena kuniuliza nataka nini, wanajua ni vifaa tu.

Krismasi ya 2023 tulienda Moshi kama kawaida, na mwaka ule nilipata zawadi nyingi kuliko mwaka wowote. Watoto walichanga wakaninunulia penseli zile bapa za mafundi na futikamba mpya. Mama watoto akanipa seti ya patasi sita kwenye kiboksi. Shemeji yangu anayekaa Houston akatuma drili ya betri na mtu aliyekuwa anakuja. Na baba mkwe akanipa kitu kimefungwa kwenye kiroba cha sukari.

Niseme kidogo za hizo nyingine kwanza maana najua kuna mtu zitamsaidia. Zile patasi nilipozijaribu kwenye mninga makali yalijikunja pale pale, nikasikitika kwa ajili ya mke wangu maana alitoa hela yake. Baadae nikaelewa kwamba patasi nyingi zinatoka kiwandani hazijanolewa, ule mng'ao ni wa kuuzia tu, ukizinoa vizuri zinafanya kazi, hasa kwenye paini. Mbili natumia mpaka leo. Ile drili nayo shukrani kwa kuangalia kabla ya kuchomeka, maana rafiki yangu mmoja alitumiwa mashine kutoka Marekani akachomeka ukutani moja kwa moja ikatoa moshi hapo hapo. Umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230. Chaja ikiwa imeandikwa 100-240 hapo haina shida, ikiwa imeandikwa 120 peke yake tafuta transfoma ya kushusha umeme. Ya kwangu ilikuwa ya 120. Kwa hiyo wewe ndugu uliye huko ukitaka kumtumia fundi wako zawadi soma kwanza yale maandishi madogo ya nyuma ya chaja, usimpe mtu mzigo.

Sasa kile kiroba.

Ilikuwa jioni ya tarehe 25, nyama imeshaliwa, wazee wako na mbege yao pale nje, baba mkwe akaniita pembeni. Nikamwamkia tena maana tangu asubuhi hatukukaa, "shikamoo baba", akasema "marahaba mwanangu, njoo uone hiki". Akakunjua kiroba taratibu. Ndani kuna randa ya chuma, kile chombo cha kulainishia mbao, nyekundu kwa kutu kama tofali, mpini wake wa nyuma umevunjika juu nusu haipo, ila pembeni penye rangi palikuwa bado pana bluu na ukikwaruza na kucha unasoma Record, na namba 4. Akaniambia aliinunua akiwa kijana wakati anatengeneza madawati na viti vya kanisa, na kwamba mara ya mwisho kuishika ni macho yalipoanza kusumbua. Wanae wa kuwazaa hakuna aliyeshika useremala. Akasema, "Wewe mkwe nimeona ile rafu uliyomletea mama. Hii ukae nayo." Basi. Akarudi kwa wenzake.

Aisee niliishika nikashindwa kusema kitu. Uzito wake tu ulikuwa tofauti na vile virandaranda vya bati nilivyozoea.

Randa za Record zilikuwa zinatengenezwa Sheffield, Uingereza, mji wenyewe wa visu na vyuma, na mafundi wazee wa huku kwetu ukiwauliza wanaikumbuka ile bluu. Namba 4 ndio saizi ya kati ya kazi za kawaida, kisu chake kina upana wa inchi 2. Chuma chake kizuri. Kwa hiyo nilijua nikiweza kuitoa kutu nina chombo cha kufa nacho, ila kuitoa ndio nilikuwa sijui, na nilikosea mara mbili kabla sijapatia.

Kosa la kwanza ni haraka. Nilirudi Dar tarehe 2, tarehe 3 jioni nikataka kuifungua, skrubu zikagoma, nikalazimisha na bisibisi ndogo nikaanza kula mdomo wa skrubu. Nikaacha, nashukuru niliacha. Skrubu za hizi randa nyuzi zake ni za inchi za zamani, ukienda dukani na bolti za milimita haziingii, kwa hiyo ukiharibu moja umejitafutia safari. Nikamwagia mafuta ya taa kila penye nyuzi nikaiacha siku mbili, halafu nikatafuta bisibisi pana inayojaa kwenye ule mfereji wote, nikagonga kichwa chake kidogo na nyundo, zikafunguka zote moja baada ya nyingine.

Kosa la pili ni siki. Nilisikia siki inakula kutu, ni kweli inakula, siki nyeupe ya kawaida ya dukani, unazamisha chuma unaacha mpaka kesho yake halafu unasugua. Mi nikazamisha kisu nikasahau siku tatu maana ilikuwa kufunga hesabu za mwaka ofisini. Nilipokitoa kimekuwa cheusi na kina vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Bahati nzuri vishimo havikuwa virefu upande wa makali. Sa hivi naweka masaa 12 hadi 24 basi, na nikitoa nakisuuza na maji ya magadi kuua ile asidi, nakausha papo hapo na kitambaa na kukianika juani, halafu mafuta. Ukichelewa kukausha hapa Dar na joto hili na unyevu wa bahari, kutu inarudi ndani ya lisaa, nimeiona kwa macho yangu. Mwili wenye rangi usizamishe kwenye siki kabisa, rangi inabanduka. Ule niliusugua na mafuta ya taa na stili waya ya kuoshea sufuria, jioni tatu, mpaka bluu ikaanza kujitokeza pembeni na chuma kikawa cha kijivu.

Hapo nikadhani nimemaliza. Nikairudishia, nikapitisha kwenye paini, ikawa inaruka ruka na kung'oa mbao vipande. Nikampelekea fundi mmoja mzee pale Keko, watu wa samani wote wa Dar wanapajua Keko, nikamwambia mzee wangu hii ina shida gani. Hakuipitisha hata kwenye mbao. Aliigeuza tumbo juu, akaweka rula ya chuma akaielekeza kwenye mwanga, akaniambia angalia. Mwanga ulikuwa unapita katikati, pale pale mbele ya mdomo, yaani ule mwanya ambao kisu kinatokea. Akasema tumbo la randa likiwa na bonde mbele ya mdomo hata kisu kiwe kama wembe itang'oa tu, kwa sababu hakuna kinachoikandamiza mbao wakati kisu kinaingia. Hakunitoza hata mia.

Basi nikanunua kipande cha kioo kinene cha mm 10 kilichobaki kwa muuza vioo, nikagundisha msasa juu yake namba 80. Kisu unakiacha ndani umekikaza kama vile unataka kufanya kazi ila umekirudisha juu kisiguse, maana ule mkazo wa kisu unapinda mwili kidogo, ukinyoosha bila kisu ukija kukirudisha umeharibu ulichonyoosha. Halafu unachora tumbo lote na maka peni nyeusi, mistari ya kukingama, unasugua mbele nyuma bila kukandamiza upande mmoja. Mistari inayofutika ndio milima, inayobaki ndio mabonde. Nilichora nadhani mara kumi na tano. Mara ya kwanza zilifutika ncha mbili tu za mbele na nyuma, katikati wino umekaa vile vile kama sijafanya kitu, na mikono ilikuwa inauma mpaka mabega. Ila kila ukichora tena ule weusi unapungua kidogo, unapungua, mpaka siku ya tatu ule mstari wa mbele ya mdomo ukafifia halafu ukatoka. Nilimwita mama watoto aje auone. Sehemu tatu ndizo za kugombania, mbele kabisa, mbele ya mdomo, na nyuma kabisa, vibonde vidogo vya katikati achana navyo. Nikapanda msasa 120, 180, 240 nikaishia hapo.

Kunoa kisu nitasema kwa ufupi japo ndiko kwenye kazi. Anza na mgongo wake, ile sentimita mbili za mwisho ziwe bapa na zing'ae, bila hivyo hakuna makali. Mshazari wa mbele, ule mteremko unaoishia kwenye makali, ni nyuzi 25, na kama huna kipimo tumia unene wa kisu, mshazari wa nyuzi 25 urefu wake ni kama mara mbili na kidogo ya unene, kwa hiyo kisu cha mm 2 mshazari unafika karibu mm 5. Kijana mmoja mtaani alitaka kunisaidia na grinda nikakataa, chuma kikipata moto kikageuka rangi ya bluu kwenye ncha kimekufa ugumu. Nilifanya kwa mkono kwenye jiwe, upande wa chenga halafu upande laini, mpaka ukipitisha kidole kwa nyuma unasikia kaukingo kembamba kanakwaruza, unakatoa kwa kugeuza mgongo, halafu unamalizia kwenye kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani. Kikinyoa nywele za mkono bila kuvuta kiko tayari. Kile chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu nacho kinatakiwa kikae bila mwanya, mi wa kwangu ulikuwa na mwanya wa kuingia karatasi, maranda, yale maganda ya mbao yanayotoka ukirandua, yalikuwa yanajichomeka humo yanaziba mdomo. Dakika kumi kwenye msasa ikaisha, nikakiweka nyuma ya makali kama milimita moja.

Mpini niliuchonga upya kwa kipande cha mninga, nikachora kwa kufuatisha ile nusu iliyobaki na nusu nyingine nikaikadiria kwa kiganja changu.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa mbili asubuhi, nikaweka paini kwenye benchi nikasukuma. Sauti ikabadilika. Ile ya kukwaruza ilipotea ikaja kama mtu anararua kitambaa cha hariri taratibu, na ganda la mbao likatoka refu mbao nzima, jembamba, ukilishika juu ya gazeti unasoma herufi. Binti yangu mdogo alilivaa shingoni siku nzima. Mbao yenyewe ukipitisha mkono haihitaji msasa, na inarudisha mwanga kama imepakwa kitu.

Nikajua cha kufanya. Pasaka ile ile nilipanda Moshi peke yangu nikamuomba baba kipande cha mringaringa kilichokuwa darini juu ya jiko, mti ulikatwa kwenye kihamba chao, lile shamba la nyumbani, miaka kadhaa nyuma na mbao ilikuwa imekauka kwa moshi mpaka ikawa nyepesi. Nikarudi nao Dar kwenye basi. Nikamtengenezea kigoda cha kukalia pale nje, bila msumari, ndimi na matundu tu, uso wote nimeupiga kwa ile randa yake mwenyewe, juu nikapaka mafuta. Ilinichukua wikiendi nyingi na tundu moja nililirudia.

Krismasi iliyofuata nilikipeleka, na randa nikaibeba kwenye begi. Baba hakuangalia juu ya kigoda, alikigeuza kwanza akapapasa chini na dole gumba, kwenye viungo, kimoja kimoja, kwa sababu macho hayaoni vizuri. Halafu akauliza randa iko wapi. Nikampa. Akaomba mbao, shemeji akaleta kipande cha grevilea, akakishikilia kwenye meza, na mzee akasimama miguu ile mmoja mbele mmoja nyuma, akasukuma mara moja tu. Ganda la mbao likatoka lote bila kukatika, likaanguka kwenye viatu vyake.

Akaishika muda. Akakamata mpini wa mninga akaubana, akatikisa, akasema, "Hii bolti umeikaza mno mwanangu. Mvua zikija mti utavimba upasuke. Legeza nusu mzunguko."

Nikatafuta bisibisi pale pale nikalegeza.