Pesa Ikitoka Mkononi Mwangu

Mtu aliyeniibia shilingi 9,000 hakunigusa wala hakunitishia, na alipokuwa akiondoka aliniombea baraka. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, saa ambayo kibanda changu cha M-Pesa hapa Kaptembwo, Nakuru, hujaa watu wanaotuma pesa nyumbani kabla giza halijaingia. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na simu sikioni, na aliniita mathe kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Alitaka kuweka 27,000. Akanipa noti za elfu moja moja, nikahesabu, zikatimia ishirini na saba. Nilipochukua simu nianze kuandika namba yake, akasema, "Samahani mathe, nahisi nimeweka moja zaidi. Hebu nihakikishe." Nikamrudishia. Akaanza kuzipitisha kwa kidole gumba, polepole, huku akiniuliza, "Kwani hiyo kalenda ni ya mwaka gani?" Ni kweli kalenda iliyokuwa nyuma yangu ilikuwa ya mwaka uliopita. Niligeuka, nikacheka, nikasema sijapata nyingine. Akanirudishia bunda: "Ziko sawa tu, mathe. Endelea." Nikamwekea 27,000. Usiku nikihesabu droo, kulikuwa na pengo la elfu tisa.

Nililala macho wazi nikijitukana. Kilichoniuma ni kwamba mkono wangu ulijua. Bunda liliporudi lilikuwa jepesi, vidole vilihisi, nami nikavinyamazisha kwa sababu moja tu: niliona haya. Kumhesabia mtu mzima pesa mara ya pili, uso kwa uso, watu wakiwa kwenye foleni, ni kama kumwambia ana mkono mrefu. Mama yangu hakunilea hivyo. Na yule jamaa alijua kuwa mama yangu hakunilea hivyo.

Kituo cha polisi nilipewa namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Pesa ilikuwa imekwisha kutolewa kwa wakala mwingine, na laini yenyewe ikawa haipatikani. Hapo sina la kusimulia zaidi.

Jumatatu nilifungua kibanda nikiwa na sheria moja: pesa ikitoka mkononi mwangu, imeanza upya. Nikikurudishia noti hata moja, hata kwa sekunde, basi tulichohesabu kimefutika na ninahesabu tena kuanzia moja. Niliamua kuisema kwa sauti, tena kwa kila mtu: mchungaji, shemeji, mwanafunzi anayeweka mia mbili. Nikiwachagulia watu, yule ninayemheshimu ndiye atakayenimaliza.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili akaja mzee mmoja wa mtaani, mtu ninayemheshimu sana, aliyenisaidia kupata chumba nilipofika Nakuru mara ya kwanza. Alitaka kuweka 5,000 amtumie bintiye. Nikahesabu, akaona noti moja imechanika, akachukua zote aibadilishe, akanirudishia. Nikaanza: moja, mbili...

"Unanihesabia kama mwizi?" akauliza. "Mimi? Nimekujua ukibeba mtoto mgongoni."

"Mzee, nisamehe. Pesa ikitoka mkononi mwangu imeanza upya. Hata angekuwa baba yangu."

"Baba yako hajafika hapa kutukanwa." Akakusanya noti zake akavuka barabara kwa wakala wa pili. Kwa miezi miwili alipita mbele ya kibanda akiangalia upande wa pili. Nilimsalimu kila mara, akajibu kwa koo tu. Nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma, lakini sikuiondoa sheria.

Jambo nililolitambua baada ya hapo ni kwamba wakora wengi wa mji huu hutumia funguo mbili zilezile, haya na haraka, na mlango unabadilika tu. Ukikaa kibandani kutwa unaziona zikifanya kazi kwa wateja kabla hazijafika kwako. Anakuja mama anatetemeka, anataka kutuma 6,000 haraka, ameambiwa kwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni na yuko hospitalini, "mwalimu" anangoja pesa ya daktari. Zamani ningetuma tu, kamisheni ni kamisheni. Siku hizi namuuliza: namba ya shule unayo? Piga hiyo, usipige ile iliyokupigia. Mama wa mwisho aliyekuja hivyo alinikasirikia, akaniambia mtoto wake anakufa mimi naleta maswali. Akapiga shuleni akiwa bado amenikunjia uso. Mtoto alikuwa darasani. Alikaa kwenye kile kibenchi changu karibu nusu saa, miguu haimbebi.

Nyumbani kwangu tulimaliza jambo hilo kwa swali. Yeyote akipiga simu akisema yuko taabani na anahitaji pesa, hata akiwa na sauti ya ndugu yangu, nitamuuliza ng'ombe wa nyanya aliyekuwa akipiga ndoo teke aliitwa nani. Jina silisemi hapa, mnielewe.

Mama yangu yuko Molo, analima viazi, na simu yake ni ya vitufe. Siku moja alipata ujumbe kwamba amepokea 4,500, kisha mtu akampigia akilia kuwa ametuma kimakosa, ni pesa ya dawa, tafadhali mama nirudishie. Mama ana huruma, alikuwa tayari ameshaanza kubonyeza. Kilichomwokoa ni kwamba hakumbuki namba yake ya siri bila kunipigia mimi (najua, najua, hilo nalo ni kosa, tumeshalirekebisha). Nikamwambia aangalie salio kwa *334#. Salio halikuwa limesogea hata shilingi. Ule ujumbe uliandikwa na mtu kwa simu yake, na ulitoka kwa namba ya kawaida, wakati ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA. Na hata kama pesa ingekuwa imeingia kweli, aliyekosea ndiye hupeleka ule ujumbe wake kwa 456 ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, aombe irudishwe. Anayelia kwenye simu akitaka umtumie wewe mwenyewe, mwache alie.

Nilipokwenda kumtembelea nilimwekea pia ile ya *100*100#, ambayo humzuia mtu kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine kwa wakala yeyote huko vichochoroni. Ni lazima mwenyewe ufike dukani kwa Safaricom. Nikamwambia kampuni ikimpigia itatumia 0722 000 000 na si namba nyingine, na ujumbe wa matapeli autume kwa 333, ni bure. Akaniuliza, "Na wewe ukinipigia, nitajuaje ni wewe?" Nikamwambia aniulize kuhusu ng'ombe. Alicheka mpaka akakohoa.

Noti bandia sizihangaikii sana kama watu wanavyodhani. Hizi noti zilizotoka 2019 zinajieleza: maandishi yanakwaruza kidole, ukiinua kwenye mwanga unaona kichwa cha simba, ukiinamisha ule uzi unageuka rangi. Ni kazi ya pumzi mbili. Tatizo ni kwamba mwenye noti mbaya hukuletea ukiwa na watu sita kwenye foleni, akisema matatu inamwacha. Namwambia matatu za Nakuru haziishi.

Lakini si kila mwizi ana adabu. Mwaka 2022, wanawake walipouawa upande wa Mawanga na polisi wakaanza kulisaka lile genge lililoitwa Confirm, wateja wangu wa kike waliacha kuja baada ya saa kumi na mbili, na mimi nikaanza kuangalia vizuri njia yangu ya kwenda nyumbani. Mpaka wakati huo nilikuwa nikifunga saa moja na nusu, mauzo ya siku yako kwenye mkoba, napitia kichochoro cha nyuma ya bucha kwa sababu ni kifupi. Kila siku, saa ileile. Mtu angetaka kunipiga ngeta, kunikaba shingo aniibie, hangehitaji hata kunifuata. Angekaa tu kichochoroni anisubiri kama mtu anavyosubiri matatu.

Nikabadilisha. Pesa inapofika kiasi fulani naipeleka benki mchana, nikipita kwa barabara ya lami, na saa siirudii. Jioni nafunga jua likiwa bado lipo. Mauzo ya saa moja usiku nimeyapoteza, na hayo ni mauzo mazuri, mume wangu alinikumbusha karibu kila siku kwa mwezi mzima. Mkoba unaoonekana una leso na mswaki. Simu siitoi nikiwa nimekaa dirishani mwa matatu, hasa gari linapokwama karibu na soko la Wakulima, ambako nimeona kwa macho yangu mkono ukiingia dirishani na kutoka na simu, na mwenyewe akaendelea kusema "haloo" kwenye kiganja kitupu. Tulicheka, Mungu atusamehe.

Ila ulinzi wangu mkubwa ni fundi wa viatu. Anakaa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli uliopasuka, anashona, na macho yake yanaona kila kitu kwa sababu kazi yake haihitaji macho tena. Nilimwendea siku moja na chai na mandazi, nikamwambia sikutaki uwe mlinzi, nataka tu tuwe na neno. Tukakubaliana: nikipaza sauti nikimuuliza kama kiatu changu cha buluu kiko tayari, aje, na asije peke yake. Sina kiatu cha buluu.

Neno hilo nimelitumia mara moja tu. Pikipiki ilisimama saa nane mchana, barabara imetulia kwa jua. Aliyeendesha hakuzima injini, na namba ya nyuma ilikuwa imefunikwa na kitambaa kama cha kufutia matope. Wa pili akaingia na helmeti kichwani. Akaniomba chenji ya elfu moja. Mtu wa kutaka chenji huangalia mikono yangu. Huyu aliangalia pembe za dari, moja baada ya nyingine, kisha akaangalia kitasa cha mlango wa ndani. Sikungoja kuwa na hakika. "Fundi!" nikaita, na sauti yangu ikanishangaza kwa utulivu wake. "Kile kiatu changu cha buluu kiko tayari?"

Fundi aliinuka na nyundo yake. Akapiga mluzi, na vijana watatu wa boda waliokuwa kwenye kivuli cha mti wakaanza kuja nyuma yake, bila haraka, kama watu wanaokuja kununua maji. Yule wa helmeti akasema, "Basi, nitapata mbele," akapanda, wakaondoka.

Mpaka leo sijui walikuwa kina nani. Inawezekana kabisa walitaka chenji tu, na kitambaa ni cha matope kweli. Nimeliwaza sana hilo, na kuna siku nilijiona mwanamke mwoga anayewatuhumu watoto wa watu. Mume wangu ndiye aliyeniambia kitu kilichonituliza: "Kama walitaka chenji, wamepoteza nini? Wameipata mbele." Vijana wa boda niliwanunulia soda. Fundi alikataa soda, akasema anataka kiatu cha buluu akione.

Kalenda niliibadilisha, kama mnajiuliza. Nimeitundika ukutani kando ya dirisha, mahali ambapo mtu akinionyesha, macho yangu hupita kwanza kwenye mikono yake.

Na yule mzee alirudi. Wakala wa ng'ambo alihama, na pengine hilo ndilo lililomrudisha, siwezi kujisifu. Alisimama dirishani kama hakuna lililotokea, akatoa 3,000 alizotumiwa na mwanawe. Nikaangalia kitambulisho, akatia sahihi daftarini, nikamhesabia noti zake. Akazichukua, akalamba kidole, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akazirudisha kwenye kaunta.

"Hebu nihesabie tena," akasema.

Nikahesabu. Akazichukua, akahesabu yeye. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto akaanza kunung'unika kuwa zamu haisogei. Mzee hakugeuka.

"Zimetoka mkononi mwangu," akamwambia, akiniangalia mimi. "Zimeanza upya." Akazirudisha kwenye kaunta mara ya pili.