Karai Lisilo na Mfuniko

Baridi ya Julai hapa Mbeya huwafanya wengi wetu tuhamishie mapishi yote ndani, na ndivyo ilivyokuwa jioni nilipoteleka karai la mafuta ya alizeti kwenye jiko la mkaa ili nikaange viazi vya Uyole, kisha nikatoka kumfungulia mgeni geti. Salamu za huku hazina ufupi. Niliporudi, mafuta yalikuwa yamekwisha kupita hatua ya kufuka moshi na yalikuwa yanawaka.

Wifi yangu alikuwa ameinua ndoo ya maji, nami nikamzuia kwa ukali ambao baadaye ilinibidi kumwomba radhi. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na katika mwinuko wetu wa takribani mita 1,700 huchemka hata kabla ya hapo, ilhali mafuta yaliyoshika moto yenyewe yamekwisha kuvuka nyuzijoto 300. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, huzama hadi chini ya karai, hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo huyarusha mafuta yakiwa yanawaka hadi darini.

Nilichohitaji ni mfuniko, na hapo ndipo kosa langu lilipojitokeza, maana karai la kukaangia huuzwa bila mfuniko na sikuwa nimeandaa kitu cha kushika nafasi yake. Nilinyakua sinia la bati lililoegemea ukutani, nikalishika mbele yangu kama ngao, nikaliteleza juu ya karai kuanzia upande wangu kuelekea upande wa pili ili miali isinirudie usoni.

Maelekezo mengi husema kwanza uzime jiko, jambo ambalo kwa gesi ni sahihi kabisa, lakini mkaa hauna swichi. Nilifunga kimlango cha chini cha jiko kwa kijiti na kuliacha karai lilipo, kwa sababu anayelibeba kwenda nje huyamwaga mafuta miguuni mwake, na upepo wa mwendo huuchochea moto. Sinia halikufunuliwa kwa zaidi ya saa mbili, kwani mafuta yakiwa bado na joto lile hushika moto upya mara yanapopata hewa. Milango na madirisha tuliyaacha wazi muda wote huo, baridi tukaivumilia, kwa kuwa hewa ya mkaa huua pasipo kunusika.

Moto mdogo wa kikaangio huweza kufukiwa kwa chumvi nyingi au magadi ya kuokea, lakini unga usithubutu kuugusa, kwa kuwa vumbi lake hulipuka. Moto ukishafika kwenye pazia au dari, watu watoke, mlango ufungwe, na Zimamoto wapigiwe kwa namba 114. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na ute wa yai, ambavyo majirani huvileta kwa nia njema, virudi vilikotoka.

Wifi amelitoboa sinia lile tundu ukingoni na kulitundika msumarini karibu na mlango wa jiko. Wageni wa pilau hupakuliwa kwenye jingine.