Nilivyosajili dawa ya kichocho baada ya jalada la kwanza kukwama

"Peleka jalada lilivyo, wakiuliza utajibu." Ushauri huo kuhusu jalada, yaani kabrasha la nyaraka za kuombea usajili wa dawa, niliupokea Mwanza na ukanipotezea muda mwingi. Kila duru ya maswali ya TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, husimamisha tathmini mpaka ujibu.

Praziquantel yangu ya kwanza, dawa ya kichocho ya vidonge vya miligramu 600, ilikwama Moduli ya 3, sehemu ya jalada inayohusu ubora. Mtengenezaji alipima uthabiti, yaani dawa inavyodumu bila kuharibika, kwa nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 60, hali ya hewa ya Ulaya. Huku tunahitaji nyuzi 30 na unyevu mkubwa zaidi, pamoja na miezi 6 ya kipimo cha kuharakisha uchakavu wa dawa kwa nyuzi 40. Huo si usumbufu wa karani. Boksi likishinda kwenye ghala la bati Ilemela saa nane mchana, kisha likavushwa hadi zahanati ya Ukerewe, kidonge hunyonya unyevu, ugumu wake hubadilika, na kasi ya kuyeyuka tumboni nayo haiwi ile iliyoandikwa. Kurudia vipimo kungekula zaidi ya mwaka.

Nikahamia kwa mtengenezaji ambaye praziquantel yake ilishahakikiwa na WHO. Hapo kuna usajili wa ushirikiano: mwenye dawa anasaini ridhaa, WHO inawapa TMDA kwa siri ripoti za tathmini na za ukaguzi wa kiwanda, na uamuzi unalengwa ndani ya siku 90, siku za kusubiri majibu yako zisipohesabiwa.

Sharti ni dawa ileile: kiwanda, viambato na kiasi chake, vipimo vya ubora. Nililinganisha majalada mawili, lililopitishwa na WHO na letu, ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo nilipookoa kazi. WHO walipitisha chupa, sisi tuliandika blista, zile karatasi za vidonge! Ufungashaji mwingine ni uthabiti mwingine. Tukarudi kwenye chupa kabla ya kuwasilisha.

Njia hii ingekuwa ndiyo ya kawaida kwa kila dawa iliyokwisha kuhakikiwa. Mamlaka yetu, ikiitwa bado TFDA, ilifika ngazi ya 3 ya WHO ya uwezo wa kudhibiti dawa Desemba 2018, ya kwanza Afrika. Wataalamu wa kiwango hicho wasisomeshwe upya kila jedwali la ulinganifu wa dawa ndani ya damu, wakati lebo, hifadhi na ufuatiliaji wa dawa sokoni vinawasubiri.

Fomu ya ridhaa iombe kwanza, kabla ya ada. Kwetu ndiyo iliyochelewa kuliko yote, ikingoja saini ya mtu mmoja kiwandani.