Siku moja maishani mwangu: natunza mabango ya sinema za kutisha ya mpiga gitaa

Nikitaja kazi yangu watu wanadhani nashinda naangalia muvi. Hapana jamani. Bosi wangu ni mpiga gitaa wa roki, amekusanya mabango, barakoa na midoli ya sinema za kutisha tangu utotoni, na mimi ndo mtunzaji. Kazi yenyewe ni karatasi, mwanga na unyevu. Jana ilienda hivi.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba, nasoma kipima unyevu, asilimia 51, safi. Naosha mikono naikausha vizuri. Wengi wanauliza mbona sivai glavu, ila za pamba zinakunyima hisia za vidole, na karatasi iliyokauka ukiishika bila kuihisi unaichana.

Saa 2. Bango moja tu mezani, inchi 27 kwa 41, la miaka ya 1930. Haya hayakutengenezwa yadumu, yalikunjwa yakatumwa kwenye kumbi, filamu ikiisha yanatupwa au yanabandikiwa mengine juu, ndo maana yaliyobaki ni ya kuhesabu. Kwenye hili mkunjo umepita katikati kabisa ya jicho la mwanamke anayepiga mayowe. Kwa kioo cha kukuzia unaona wino umeng'oka, mstari mweupe mwembamba kama uzi, na pembeni yake chembechembe za rangi. Natoa vumbi kwa brashi laini, katikati kwenda nje, masaa mawili yakakatika hivyo, kisha nikalirudisha kwenye kioo chake.

Saa 4 walitakiwa watu wa kamera. Wakaja saa 5 na nusu, bila hata pole, wakaanza kufunga taa kubwa zile za moto na mkuu wao akataka bango litolewe kwenye kioo chake eti kinang'aa. Nikamwambia haiwezekani. "Dada, dakika kumi tu." Kaka yangu, mwanga hauna dakika kumi, kila unachoimulika karatasi inakihesabu na rangi ikishapauka hairudi, sisi tunaweka laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), nikamshikisha kipimo mwenyewe mbele ya taa yake kikapita 2,000. Akaniambia si karatasi za muvi tu hizi. Aisee iliniuma. Nikamuuliza kama anajua mwaka 2017 Peabody Essex Museum kule Salem, Marekani, iliweka maonyesho mazima ya mkusanyiko wa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, mabango kama haya haya ukutani kama sanaa nyingine yoyote, na kwamba Hammett ana gitaa lenye picha ya bango la sinema ya The Mummy ya 1932, yaani anapanda nalo jukwaani. Hakujibu, akampigia simu sijui nani, akarudi na hoja ile ile, mimi na jibu lile lile, tukaenda hivyo mpaka saa 8 sijala, miguu inawaka. Mwisho wakazima taa zao, wakarekodi kwa taa zangu, kamera wakaisogeza ubavuni kioo kisirudishe mwanga. Na picha zikatoka nzuri kabisa!

Mchana uliobaki ni barakoa za mpira, mpira ukizeeka unakauka na kupasuka, kwa hiyo kila moja naijaza karatasi isiyo na asidi ndani isibonyee. Sikumbuki nilimaliza saa ngapi, nje palishakuwa giza.

Bosi akaja na gitaa lake, akakaa kwenye stuli mbele ya lile bango, kwenye mwanga wangu hafifu. Ana rifu moja, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa rudiwa, inamsumbua wiki ya tatu. Akaanza na ule umbali kati ya noti mbili unaoitwa shetani ndani ya muziki, ambao bendi ya Black Sabbath waliufungulia albamu yao ya kwanza mwaka 1970, nao hata jina lao walilitoa kwenye sinema ya kutisha. Anapiga haraka, haikai. Akanyamaza, akaniuliza, "Dada, hivi huyu mama anaangalia nini?" Nikamwambia hakijachorwa, anaangalia nje ya karatasi. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye hilo jicho na nilishaliona hilo, mchoraji kalificha zimwi makusudi, ulitengeneze mwenyewe kichwani.

Akaanza upya, polepole, na pale noti ya mwisho ilipotakiwa kuanguka hakuipiga. Akaacha kimya cha pigo zima. Nywele zilinisimama kwa kweli, maana sikio lilishajiandaa kupokea kitu. Akairudia labda mara ishirini, kila mara anaangalia ule upande wa jicho, na mimi nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, nimechoka vibaya, sitaki aache.

Alipotoka nikazima taa, nikajaza daftari: bango limekaa kwenye mwanga masaa 7 leo, kesho halitoki kabatini.