Jumamosi ya kupoza maji, kabla ya kubadili kombi

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yameshatoka, na mfumo wa TAMISEMI, wizara ya Tanzania ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ulikuwa wazi kwa wanaotaka kubadili tahasusi, yaani kombi ya masomo ya kidato cha tano. Pale tulipokuwa tunasoma pri-fomu faivu, masomo ya kujiandaa na kidato cha tano, ubishi ulikuwa mmoja tu: PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) au PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia)? Walioikimbia PCM hawakuwa na ugomvi na Fizikia. Walikuwa wanaikimbia Hesabu. Mwalimu wa Fizikia hakutoa nasaha. Alifungua maabara akasema leo tunapoza maji.

Kila meza ilipata kalorimita ya shaba, kikopo cha majaribio ya joto, yenye kifuniko na kikorogeo, kipimajoto na saa ya kusimamisha. Maji ya moto yanajazwa theluthi mbili, unasubiri zebaki ishuke hadi nyuzi 80, unaanza kuhesabu muda, kisha unasoma kila dakika huku unakoroga taratibu. Usipokoroga, maji ya juu na ya chini yanatofautiana joto na kipimajoto kinakudanganya. Kifuniko kikiachwa wazi, mvuke unaondoka na joto lake, na nukta za mwanzo zinaporomoka kuliko inavyotakiwa. Ubavu wa kalorimita nao ufutwe ukauke, kwa sababu hiyohiyo. Joto la chumba linapimwa mbali na jiko, mwanzoni na mwishoni. Siku ile lilikuwa 28.

Kidato cha nne ungechora joto dhidi ya muda, ukapata mkunjo, kazi imekwisha. Huku kidato cha tano mkunjo unatakiwa ugeuzwe mstari mnyoofu. Unatoa joto la chumba kwanza: 80 kutoa 28 ni 52, na logi asilia yake (ln kwenye kikokotoo) ni 3.95. Dakika ya 10 maji yalisoma 66. Tofauti ni 38, logi 3.64. Gawa tofauti ya logi hizo kwa dakika 10, mteremko ni 0.031 kwa dakika. Meza moja ilichukua logi ya 80 na ya 66 bila kutoa kitu, ikapata 0.019. Kikokotoo hakilalamiki ukikosea hivyo, ndiyo maana kosa hili halifi.

Halafu mwalimu akawasha feni juu ya meza moja na kuikinga nyingine kwa maboksi. Tukaenda hadi dakika ya 30. Ya feni ilishuka kwa kasi zaidi, na nukta zake zikakaa kwenye rula. Ya kwenye maboksi ilianza vizuri, kisha mteremko ukalegea kidogokidogo. Kanuni ya Newton ya kupoa, kwamba kasi ya kupoa hulingana na tofauti ya joto kati ya kitu na hewa, inakaa sawasawa pale hewa inaposukumwa. Hewa ikijiendea yenyewe, kasi ya kupoa hufuata tofauti ya joto iliyopandishwa kwa kipeo cha tano juu ya nne. Kwangu hapo ndipo Fizikia ya juu ilipojitambulisha: fomula inakuja na masharti yake, na mtihani unauliza masharti.

“Ticha, mimi nataka udaktari,” mmoja akasema, “hizi logi za nini?”

“Fizikia ya PCB na ya PCM ni mtihani uleule,” akajibiwa. “Anayesoma PCB hakwepi hesabu, anazisoma kwenye somo dogo la nyongeza linaloitwa BAM, Basic Applied Mathematics.”

Akaandika ubaoni kasi ya kupoa kama diferensiesheni, hesabu ya kasi ya mabadiliko, akaiintigreti, yaani akairudisha kinyume, ile logi ikatokea yenyewe. Akaongeza kwamba mwendo wa duara, mtetemo sahili na kuchaji kapasita vyote vinapita njia hiyo, na mara nyingi Fizikia inaitaka intigresheni kabla BAM haijaifikia. Kwa hiyo anayechagua PCB aianze mwenyewe mapema: kanuni ya vipeo, logi, sine na kosine, basi. Si mlima.

Aliyeuliza alibaki PCB, akaazima daftari la Hesabu wiki ileile. Mimi niliiacha PCM yangu kama ilivyokuwa. Jirani yangu wa meza, aliyekuwa na A ya Fizikia, alihamia EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu). Alisema kusoma namba kwenye zebaki kila dakika kwa nusu saa kumemtosha maisha yake yote, na sioni kama alikosea.