Kuvu ya Moyoni na Mishipa ya Ubongo

Hapa Mombasa, mtu mwenye homa isiyokatika hupimwa malaria kwanza, na ni sawa. Kinachonikera mimi kama muuguzi ni kwamba kipimo kikionyesha hana, huenda akapewa antibayotiki na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kuulizwa habari za moyo wake. Ninaowahofia zaidi ni mwenye vali ya bandia (vali ni kilango cha moyo kinachozuia damu kurudi nyuma), ambaye mara nyingi vali yake ya asili iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na anayejidunga unga, yaani heroini.

Kandida, kuvu ileile inayotanda nyeupe kinywani mwa mtoto mchanga, ikiingia katika damu kupitia sindano au mpira uliokaa mshipani muda mrefu, hujishikiza kwenye vali na kumea, ikichanganyika na damu iliyoganda hadi kufanya vinundu vikubwa. Kwa wanaojidunga, mlango mmoja hauwaziwi na wengi: unga wa kahawia hauyeyuki vizuri bila asidi, hivyo hutiwa maji ya limau, na maji hayo yameshapatikana yakiwa na kandida.

Kipande kikimeguka upande wa kushoto wa moyo, kinaweza kuchukuliwa na damu hadi ubongoni na kukwama katika ateri. Mgonjwa anaweza kupata kiharusi papo hapo. Lakini hata akinusurika, kuvu huweza kuendelea kuudhoofisha ukuta wa ateri mpaka ututumke, na mtutumko huo ukakaa kimya, au ukauma kichwa tu, hadi upasuke. Mwenye vali ya chuma ana shida ya ziada, kwa kuwa hutumia wafarini ili damu isigande: akiendelea nayo, damu inayovuja mtutumko ukipasuka huwa nyingi zaidi, na akiiacha, vali yenyewe inaweza kuziba.

Antibayotiki haziwezi kuvu. Hutumika amfoterisini B, dawa kali kwa figo, na mara nyingi vali hulazimika kubadilishwa, kisha wengine huendelea na flukonazoli kwa miaka. Damu ya kuoteshwa maabara ichukuliwe kabla ya dawa yoyote, ingawa majibu yakirudi safi hayatoshi kumwondolea mgonjwa shaka, maana aspergilasi, kuvu nyingine inayoshambulia vali, ni nadra sana kuota katika damu. Mwenye vali ya bandia, homa na maumivu mapya ya kichwa anahitaji picha ya moyo na ya mishipa ya ubongo pia.